Kumwongoza mkimbiaji asiyeona: mwongozo kamili, kuanzia kamba hadi mstari wa mwisho

Kila msimu wa mashindano ukiisha napokea malalamiko yale yale. "Kocha, tulifika wa pili wakatuondoa." "Kocha, mwongozaji alitangulia kwa kifua tu." "Kocha, kamba ilimponyoka." Nimewajibu mmoja mmoja hadi vidole vimechoka, na kila mara naona kosa si la miguu. Miguu ipo. Kinachokosekana ni mazoezi ya kukimbia wawili, ambayo watu huyaacha hadi wiki ya mwisho.

Mwongozo huu ni wa jozi: mkimbiaji wa kitengo cha T11 (asiyeona kabisa) au T12 (anayeona kidogo sana) pamoja na mwongozaji wake, wanaolenga mbio za uwanjani za viwango vya kimataifa. Mifano mingi nimeichukua kwenye mita 1500, kwa kuwa ndiyo mbio ambayo wengi wenu mnaikimbia. Nazungumza zaidi na mwongozaji kwa sababu makosa mengi ni yake, lakini mkimbiaji naye asikilize kwenye simu yake, asisubiri kusimuliwa.

Neno moja kabla hatujaanza. Nasema "mwongozaji". Najua uwanjani wengi hutumia lile neno la Kiingereza, "guide", lakini ukilitamka kwa Kiswahili linatoka "gaidi", na sioni sababu ya kumwita hivyo mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuja kukusaidia.

## Vitu vya kuandaa

- Kamba mbili za kuunganisha mkono wa mkimbiaji na wa mwongozaji, moja ya kukimbilia na moja ya akiba. Hatua ya 3 inaeleza jinsi ya kuzitengeneza.
- Miwani isiyopitisha mwanga au kitambaa cheusi cha kufunika macho, hata kama mkimbiaji haoni kabisa. Andaa pia pamba ya kuweka juu ya kope ili mwanga usipenye pembeni mwa pua.
- Viatu vya mazoezi na vya njumu kwa wote wawili. Mwongozaji asiazime. Malengelenge yake yatakuwa malengelenge ya jozi nzima.
- Fulana ya mwongozaji yenye rangi tofauti kabisa na ya mkimbiaji, ili majaji wasiwachanganye.
- Saa ya kupimia mbio, futi ya fundi cherehani na chokaa kidogo cha kuwekea alama.
- Simu yenye kamera, na mtu wa kuishika akiwa amesimama kwenye mstari wa kumalizia. Bila picha hamtaaminiana nani alitangulia.
- Pasipoti na ripoti ya daktari bingwa wa macho ikiwa mnalenga kusafiri.

Tengeni wiki nane. Nimeona jozi zikiiva kwa wiki tano, lakini hao walikuwa ndugu waliokua pamoja.

## Hatua ya 1: Jua kitengo kabla ya kufunga kamba

Kitengo ndicho kinachoamua kama mwongozaji ni lazima, ni hiari au ni marufuku. T11 ni wasioona kabisa au wanaohisi mwanga tu. Hawa hawakimbii bila mwongozaji. T12 wanaona kidogo sana, au uwanda wao wa kuona una upana wa chini ya nyuzi 10. Hawa huchagua wenyewe kukimbia na mwongozaji au peke yao. T13 wanaona zaidi kidogo, kwa mfano uwanda wa chini ya nyuzi 40, na hawaruhusiwi mwongozaji.

Kinachopimwa ni jicho lililo bora, miwani ikiwa imevaliwa. Kwa hiyo mtu mwenye jicho moja lililokufa na jingine zima hapati kitengo chochote hapa, hata akihuzunika vipi. Nasema hivi waziwazi kwa sababu kuna vijana waliofanya mazoezi mwaka mzima kabla ya kuambiwa.

Njia yenyewe ni hii. Daktari bingwa wa macho anajaza fomu ya uchunguzi na kuambatisha vipimo. Kamati ya taifa ya Paralimpiki inaipeleka kwa World Para Athletics, chombo kinachosimamia riadha ya watu wenye ulemavu duniani, na kumwombea mkimbiaji leseni. Kisha wapimaji wa kimataifa wanamwona mkimbiaji ana kwa ana kwenye mashindano yaliyotengwa kwa kazi hiyo, kama yale ya Dubai au ya Nottwil kule Uswisi. Barua ya hospitali ya wilaya haitoshi, na kitengo ulichopewa nyumbani hakikufungi wewe wala wapimaji wa nje.

Tahadhari: mkimbiaji aliyekwenda akijiita T11 anaweza kurudi akiwa T12. Hapo wapinzani wanabadilika, muda wa kufuzu unabadilika, na suala la mwongozaji nalo linabadilika. Msikate nauli ya mashindano makubwa kabla ya jina kuonekana kwenye orodha ya kimataifa likiwa na kitengo chake.

## Hatua ya 2: Chagua mwongozaji anayekuzidi mbio

Rafiki mwema asiye na kasi ni mzigo. Mwongozaji anakimbia huku anaongea, anaangalia pande zote, anahesabu mizunguko, na akiwa upande wa nje anakimbia njia ndefu kuliko mwenzake. Chukua hesabu ndogo: mwongozaji akiwa sentimita 70 nje ya mkimbiaji, kila mzunguko wa uwanja unamwongezea mita 4 na nusu hivi. Katika mita 1500 hiyo ni karibu mita 16.

Kipimo changu ni hiki: mkimbiaji akilenga dakika 4 na sekunde 45, mwongozaji awe na uwezo wa kukimbia peke yake kwa 4:20 au chini. Mkimbiaji akiwa wa daraja la juu kabisa kazi inakuwa ngumu zaidi. Samwel Mushai Kimani wa Kenya alishinda dhahabu ya mita 1500 T11 jijini London mwaka 2012 kwa 3:58.37, rekodi ya dunia wakati huo, na mwongozaji wake James Boit alikuwa pembeni yake akiongea. Jiulize ni vijana wangapi katika kata yenu wanaweza kukimbia hivyo huku wakitoa maelekezo.

Urefu wa mwili nao ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Tofauti ya sentimita 5 inavumilika. Ikifika 15, kamba itakuwa imelala mshazari na mkono wa mmoja utachoka kabla ya miguu yake.

Angalieni kama mwongozaji anaweza kukimbia mita 1000 kwa kasi ya mashindano ya mkimbiaji huku akisema sentensi fupi bila kuhema katikati ya neno. Akihema, mtafuteni mwingine au mrudishe mazoezini. Mbio za mita 5000 na zaidi zinaruhusu waongozaji wawili wanaopokezana mara moja njiani, na hiyo ni nafuu kwa timu isiyo na mtu mmoja wa kutosha.

## Hatua ya 3: Tengeneza kamba

Kamba haitakiwi kuzidi sentimita 30 ikinyooshwa, wala kuwa ya kuvutika. Hapo ndipo wengi huanguka kabla hata ya kuingia uwanjani: wanakuja na mpira wa kiunoni, au kamba ya viatu yenye vitanzi vikubwa inayofika nusu mita.

Kata utepe wa pamba au kamba bapa ya viatu, sentimita 70. Ikunje na ufunge vitanzi viwili, kimoja kila upande, vya kuingia vidole vinne bila kubana. Kisha mwenzako ashike kitanzi kimoja, wewe kingine, mvute kwa nguvu na kupima kwa futi kutoka mwisho hadi mwisho. Ikizidi 30, fungua uanze upya. Mimi huishia 26 au 27, kwa sababu fundo hulegea na jasho hurefusha pamba.

Usiifunge kwenye kifundo cha mkono kwa fundo lisilofunguka. Mmoja akianguka, mwingine anang'oka bega. Kitanzi kizunguke vidole au kiganja, kikae imara wakati wa kukimbia lakini kiweze kutoka ukikunja mkono kwa makusudi.

## Hatua ya 4: Badilishaneni giza

Kabla ya kukimbia hata mita moja, mwongozaji afungwe kitambaa machoni na mkimbiaji amtembeze. Ndiyo, mkimbiaji. Anaujua uwanja kwa miguu na masikio kuliko unavyofikiri, na atakuonyesha unavyopaswa kushikwa: hapendi kuburutwa kwa kiwiko, hapendi kupigiwa kelele sikioni, hapendi kusukumwa mgongoni kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Baada ya hapo tembeeni uwanja mzima, macho ya mkimbiaji yakiwa yamefunikwa kama siku ya mashindano. Aguse kwa mkono ukingo wa ndani. Akanyage mstari wa kuanzia na wa kumalizia. Ahesabu hatua za sehemu iliyonyooka, halafu za kona. Uwanja wa kawaida wa mita 400 una sehemu mbili zilizonyooka za mita 84 na ushee kila moja, na kona mbili za karibu mita 116. Wengi hudhani zote ni mia mia, na ndiyo maana hutangaza kona ikiwa imeshaanza.

Kwa mnaofanyia mazoezi barabara ya murram: giza la barabarani ni jingine. Kuna mashimo, ng'ombe, bodaboda. Kimbieni huko kwa ajili ya pumzi, lakini mazoezi ya kasi na macho yaliyofunikwa yabaki uwanjani au kwenye nyasi mlizozikagua kwa miguu asubuhi ile ile.

## Hatua ya 5: Linganisheni mikono na miguu

Simameni bega kwa bega, kamba kati yenu. Mikono ya ndani, yaani ile iliyoshika kamba, inakwenda mbele pamoja na kurudi pamoja. Kwa kuwa mkono hupingana na mguu wa upande wake, mikono ya ndani ikienda mbele, miguu ya nje nayo inakwenda mbele. Mkimbiaji akiwa kushoto, mguu wake wa kushoto unatua sawa na mguu wa kulia wa mwongozaji. Mko kama mtu mmoja na kivuli chake kwenye kioo.

Anzeni mkiwa mmesimama, mikono tu, dakika tano. Kisha kutembea. Kisha kukimbia polepole mita 50. Mwongozaji ndiye anayebadilisha hatua zake ili zilingane na za mkimbiaji, kamwe si kinyume. Jozi nyingi huvunjikia hapa: mwongozaji ana kasi, anajisikia, anakwenda kwa hatua zake ndefu, na mkimbiaji analazimika kurukaruka kumfuata. Kwa macho ya watazamaji wanapendeza. Kwa macho ya jaji, huyo anamvuta mwenzake, na kuvuta, kusukuma au kumwongezea mkimbiaji mwendo kwa namna yoyote ni kosa la kuondolewa.

Kamba ndiyo mwalimu. Ikiwa imelegea na kuning'inia kama mkufu, mko sawa. Ikikazika kila hatua, kuna anayemvuta mwenzake. Nawaambia wanafunzi wangu wabadili kitanzi kimoja kiwe cha karatasi ya choo, kisha wakimbie mita 200. Karatasi ikifika salama, wamefaulu. Wanacheka siku ya kwanza, halafu karatasi inakatika mita ya kumi na wananyamaza.

Mahali pa kusimama mwongozaji, ndani au nje, pana ubishi usioisha. Akiwa ndani, anamkinga mkimbiaji na ukingo lakini mkimbiaji anazunguka njia ndefu. Akiwa nje, mkimbiaji anapata njia fupi lakini kosa dogo linamkanyagisha ukingoni. Kwa jozi mpya mimi napendekeza ndani kwa wiki nne za kwanza, kisha nje wakishakomaa. Lakini msibadilishe ndani ya siku kumi za mwisho kabla ya mashindano.

## Hatua ya 6: Kubalianeni maneno

Kwenye mbio hakuna nafasi ya sentensi. Chagueni maneno machache, kila moja lenye maana moja, na yaandikwe. Jozi zangu hutumia haya:

- "Kona" – kona inaanza baada ya hatua tatu.
- "Nyooka" – kona imekwisha, mwili mbele.
- "Ndani" na "nje" – sogea nusu hatua. Sitaki "kushoto" na "kulia", maana mtu aliyechoka huvichanganya.
- "Pita" – tunampita mtu, ongeza.
- "Tulia" – umezidi kasi.
- "Mguu" – kuna mguu wa mtu mbele yako, fupisha hatua.
- "Kifua" – mita 10 zimebaki.

Jambo la pili ni saa. Mkimbiaji hauoni ubao wa muda, kwa hiyo mpe. Kwa lengo la 4:45 katika mita 1500, kila mzunguko ni sekunde 76, na mita 300 za kwanza ni 57. Kwa hiyo kila mnapovuka mstari wa kumalizia mwongozaji anatarajia 57, kisha 2:13, kisha 3:29. Asisome muda wote. Aseme tofauti tu: "sawa", "moja juu", "mbili chini". Mtu aliyejaa asidi kwenye mapaja hawezi kutoa 2:13 kwenye 2:16.

Tahadhari ya maneno matamu. "Jikaze kaka, jikaze dada" mara arobaini ni kelele inayofunika taarifa. Mzee mmoja niliyewahi kumwongoza aliniambia baada ya mazoezi, "Mwanangu, shangilia ukiwa jukwaani. Hapa niambie kona iko wapi." Sijasahau.

## Hatua ya 7: Kona

Kona hufundishwa peke yake, si ndani ya mzunguko mzima. Wekeni alama ya chokaa mita 5 kabla ya kona kuanza. Mwongozaji akifika hapo anasema "kona", na papo hapo mkono wake wa kamba unasogea kidogo kuelekea ndani, kwa kiasi cha sentimita chache. Neno linaandaa, mkono unathibitisha. Huo si mvuto. Mkimbiaji anapinda mwenyewe.

Kosa la kawaida ni kupinda mara moja kama gari kwenye mzunguko wa barabara, kisha kunyooka, kisha kupinda tena. Kona ya uwanja ni mduara mmoja mrefu. Mkimbiaji ainamishe mwili kuelekea ndani kidogo tangu mwanzo na abaki hivyo hadi asikie "nyooka".

Mbio za mita 1500 huanza karibu na pale kona ya kwanza inapoishia, kwa hiyo mna sehemu moja iliyonyooka kabla ya kona yoyote. Itumieni kujipanga. Jozi zinagongana sana kwenye kona ya kwanza kwa sababu kila jozi ina upana wa watu wawili na wote wanataka ndani. Ni bora kuzunguka kwa nje na kupoteza mita tatu kuliko kunasa kamba yenu kwenye mkono wa jirani.

## Hatua ya 8: Kuanza

Fupi tu, kwa sababu hapa watu hawakosei sana. Katika mbio zinazokimbiwa ndani ya njia, kila jozi hupewa njia mbili, na ndiyo maana mnaona jozi nne tu kwenye uwanja wa njia nane. Mwongozaji amwekee mkimbiaji mikono kwenye mstari, amwachie aguse mwenyewe, kisha ajipange.

Mwongozaji akiondoka kabla ya risasi, ni kosa la jozi. Kwa hiyo yeye asikilize risasi kama mkimbiaji anavyoisikiliza, asitake kumtangulia ili "amfungulie njia". Kwenye mita 100 jozi bora duniani zinatoka kama zimeshonwa pamoja. David Brown wa Marekani alikimbia 10.92 mwaka 2014 akiwa na Jerome Avery, asiyeona wa kwanza kushuka chini ya sekunde 11. Tazameni hatua tano za kwanza za video yao yoyote. Hamtaona mkono ukitangulia.

## Hatua ya 9: Kumaliza

Hapa ndipo barua zenu zinapotoka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kanuni ni mbili. Mkimbiaji avuke mstari kabla ya mwongozaji. Na kamba iwe imeshikwa na wote wawili hadi mkimbiaji avuke. Rahisi kusoma, ngumu kutenda, kwa sababu mwanariadha yeyote aliyefundishwa tangu shuleni, akiona mstari, anainamisha kifua. Mimi mwenyewe, mara ya kwanza nilipoongoza kwenye mashindano ya mkoa, niliinamisha kifua kwa mazoea tu. Tulikuwa wa kwanza. Tukaondolewa. Kijana niliyekuwa nikimwongoza hakunilaumu, aliuliza tu, "Ulikuwa unashindana na nani?"

Kwa hiyo mwongozaji anatakiwa kuondoa mazoea hayo mwilini, na mazoea hayaondolewi kwa kukumbuka. Fanyeni hivi, mara 10 kila mazoezi ya kasi:

1. Anzeni mita 60 kabla ya mstari, kasi ya mashindano.
2. Zikibaki mita 20, mwongozaji anarudi nyuma nusu hatua. Harudi kwa kupunguza mwendo ghafla. Anafupisha hatua mbili tu. Mkono wake wa kamba unanyooka mbele kidogo ili kamba isikazike.
3. Zikibaki mita 10 anasema "kifua". Mkimbiaji anainama. Mwongozaji anabaki wima, kidevu juu, kama anayetembea kanisani.
4. Wote wanaendelea mita 15 baada ya mstari, kamba ikiwa bado mkononi.

Kwa kasi ya 4:45 mita 20 zinakwisha kwa chini ya sekunde 4. Kama hamjafanya mara mia, hamtafanya siku ile. Mwenye simu apige picha ya kila mara kutoka pembeni ya mstari. Mara 10 mfululizo kifua cha mkimbiaji kikiwa wazi mbele ya cha mwongozaji, mmefaulu. Ikiwa ni 9, rudieni.

Sasa kamba. Kuna visa viwili ambavyo kila jozi inapaswa kuvijua.

Sydney, mwaka 2000. Henry Wanyoike wa Kenya, aliyekuwa amepoteza uwezo wa kuona miaka mitano tu kabla, anaongoza mita 5000 za T11. Mwongozaji wake anaumwa na nguvu zinamwishia kwenye mita za mwisho. Wanyoike, asiyeona mstari uko wapi, anamkokota mwenzake hadi wanavuka. Dhahabu.

Paris, Septemba 2024. Elena Congost wa Hispania anakaribia kumaliza marathoni ya T12 akiwa wa tatu, anayemfuata yuko nyuma kwa zaidi ya dakika tatu. Mita chache kabla ya mstari mwongozaji wake anakazwa na misuli, anayumba. Congost anaachia kamba kwa sekunde moja amdake asianguke, anaishika tena, anavuka. Majaji wakamwondoa.

Nilisikia watu wakilia na kanuni siku ile, na sina ugomvi nao. Lakini kocha hafundishi hasira. Anafundisha mkono. Mkono wa kamba hauna kazi nyingine yoyote hadi mstari uvukwe: haudaki, haufuti jasho, haupungi hewani. Anayetaka kumdaka mwenzake atumie mkono wa pili, ageuze kiwiliwili, asimame kabisa ikibidi. Kusimama si kosa. Kwa hiyo fanyeni zoezi la kuanguka: kwenye nyasi, mwendo wa taratibu, mwongozaji ajifanye amekazwa na misuli bila kutoa taarifa. Mkimbiaji amshike kwa mkono wa nje huku kamba ikibaki. Mara ya kwanza karibu kila mtu anaiachia. Mara ya ishirini hawaiachii.

## Hatua ya 10: Siku yenyewe

Fikeni chumba cha wito, pale wanariadha wanapokusanywa kabla ya mbio, mapema, kwa sababu kamba, miwani na fulana ya mwongozaji hukaguliwa huko. Beba kamba ya akiba iliyopimwa. Soma toleo la kanuni la mwaka huo, si lile ulilotumiwa na rafiki miaka mitatu iliyopita.

Mwongozaji aelewe kwamba siku hiyo yeye pia ni mwanariadha. Kanuni za dawa zilizopigwa marufuku zinamhusu, kwa hiyo ile dawa ya kikohozi ya dukani na ile mizizi ya babu ziulizwe kwa daktari wa timu kwanza. Upande wa pili wa sarafu hiyo ni mzuri: wakipanda jukwaani, mwongozaji naye huvalishwa medali. Nancy Chelangat Koech alipoipatia Kenya shaba ya mita 1500 T11 kwenye michezo ya Tokyo, Agosti 2021, hakuwa amefika pale peke yake.

Wakati wa kujinyoosha mwambie mkimbiaji anachokiona jicho lako: upepo unatoka wapi, jua liko upande gani, nani yuko njia ya jirani, umati uko upande wa kumalizia au wa nyuma. Kelele za umati humfunika mwongozaji kwenye mita 100 za mwisho. Kama mmezoea uwanja mtupu, fanyeni mazoezi mawili ya mwisho na spika ikipiga muziki pembeni.

Mkiondolewa msiondoke uwanjani kwa hasira. Malalamiko hupokelewa ndani ya dakika 30 tangu matokeo yatangazwe rasmi, na huwasilishwa na kiongozi wa timu. Mwenye simu yenye video ya mstari amtafute haraka.

Mkirudi hotelini, osheni kamba kwa sabuni, ianikeni kivulini, na asubuhi ipimeni tena kwa futi. Pamba iliyolowa jasho na kukauka haibaki na urefu uleule, na fainali ni kesho.